Usilipie Injini Usiyoisikia

Mazungumzo ya leo ni ya mtu anayetaka gari la spoti la Kijapani. Simsemi anayetafuta gari la kupeleka watoto shule na kubeba mahindi ya shambani. Huyo ana hesabu yake, na hesabu yake si ngumu. Namsema anayetaka Altezza, Subaru Impreza WRX, Celica au Toyota 86, gari linalonunuliwa kwa sababu ya namna linavyokwenda, linavyoshika kona na linavyoitika mguu ukigusa mafuta. Mtu huyo akishakusanya fedha zake hujikuta mbele ya njia mbili. Anaweza kuagiza Japani, akachagua kwa picha, akatuma dola, akasubiri meli. Au anaweza kununua gari lililo hapa Tanzania, lenye namba yetu, ambalo mwenzake amelitumia na sasa anataka kuliachia. Ushauri atakaopewa kijiweni ni mmoja karibu kila mara: agiza, usinunue gari la mtu. Mimi nasema ushauri huo unafaa kwa gari la kawaida, lakini kwa gari la spoti lililopita miaka kumi unaweza kukugharimu injini nzima. Kwa gari la namna hiyo, lililo hapa nchini ndilo la kutafuta kwanza, na nitaeleza kwa nini.

Tuanze kwa kuwatendea haki wanaoshauri kuagiza, maana hawasemi ovyo. Japani magari yaliyotumika hupita kwenye minada mikubwa ya wafanyabiashara. Mnada wa USS Tokyo, ulioko mji wa Noda katika mkoa wa Chiba, hupitisha maelfu ya magari kila Alhamisi, na kila gari hupewa karatasi ya mkaguzi. Karatasi hiyo ina alama ya jumla: 4.5 au 4 ni gari zuri, 3.5 limechoka kidogo, R au RA ni lililowahi kugongwa likatengenezwa. Ina pia mchoro wa bodi wenye herufi: A ni mkwaruzo, U ni mbonyeo, W ni mahali paliponyooshwa na kupakwa rangi, S ni kutu, X ni kipande kinachohitaji kubadilishwa. Zaidi ya mnada kuna ukaguzi wa serikali uitwao shaken, ambao gari jipya la mtu binafsi hupita likitimiza miaka mitatu, kisha kila baada ya miaka miwili, na cheti chake huandika kilometa zilizosomwa. Hata sababu ya gari kuuzwa mara nyingi haina la kutilia shaka. Shaken ina gharama, na gari la petroli likivuka miaka 13 kodi yake ya mwaka hupanda kwa takriban asilimia 15, basi mwenyewe huona nafuu aliachie. Ukiongeza kwamba Wajapani huendesha upande wa kushoto kama sisi, unaelewa kwa nini bandari ya Dar es Salaam inapokea magari yao kila wiki. Hapa kwetu hakuna karatasi inayolingana na ile ya mnada, na hilo ni pungufu letu la kweli.

Sasa isome karatasi hiyo tena, taratibu, uone inazungumzia nini. Inazungumzia ngozi ya gari. Mkaguzi wa mnada anatumia dakika chache kwa gari moja: anazunguka, anainama, anafungua milango, anaangalia viti, anawasha injini na kuisikiliza. Injini ikitoa mlio wa waziwazi au moshi wa waziwazi, ataandika. Lakini hafungui plagi akapima kompresheni ya kila silinda. Hapandishi mlima nayo akaona joto linakwenda wapi. Hajui kama oili ilibadilishwa kwa wakati au ilikuwa inaongezwa tu ikipungua. Wala hadanganyi kwa kutoyaandika hayo, maana hakuombwa kuyapima; karatasi ile ilitungwa kwa ajili ya wafanyabiashara wa huko, ambao wana gereji zao na spea zao na wanaweza kubeba hasara ya gari moja baya kati ya mengi. Kwa Toyota IST au Probox upungufu huo hauumi sana, kwa sababu injini zake hazifanyishwi kazi ya kuzichosha na mwenye nazo hakuwa na haja ya kuzikamua. Katika gari la spoti mambo yamegeuka. Kitu cha thamani ndani yake ndicho hicho ambacho karatasi haikupima: injini, turbo, klachi, gia boksi. Bodi yenye alama 4 inaweza kufunika injini ambayo mwenyewe wa kwanza aliizungusha mpaka mwisho wa mshale kila Jumamosi kwenye viwanja vya mbio. Japani ina viwanja hivyo vingi, na watu wanaonunua WRX huko wanaionea ladha ile ile tunayoionea sisi.

Hapo linaingia suala la mafuta, nalo sijui kwa nini halizungumzwi vya kutosha. Japani vituo vinauza petroli ya aina mbili. Ya kawaida ina oktani karibu 90, na ile wanayoiita hai-oku ina karibu 100. Injini nyingi za spoti za huko zilirekebishwa kiwandani kwa kutegemea hiyo ya pili. Injini ya EJ20 yenye turbo iliyo ndani ya WRX STI ni mojawapo, na injini ya 3S-GE ya Altezza RS200, iliyotoa nguvu za farasi 210 kutoka lita mbili bila turbo, ni nyingine. Petroli ya kawaida ya vituo vyetu haifiki oktani 100. Kinachotokea ni kwamba mchanganyiko wa hewa na mafuta ndani ya silinda huripuka kabla ya wakati wake, na fundi atakwambia injini inagonga. Kompyuta ya gari ina kihisio cha kusikia kugonga huko, na ikikusikia hurudisha nyuma wakati wa cheche ili kuiokoa injini. Lakini kompyuta hiyo ina mpaka wake. Kama mwenyewe wa Japani aliibadilisha ili turbo isukume zaidi, jambo la kawaida kabisa kwa magari haya, basi ulinzi ule unaweza kuwa umepunguzwa au umeondolewa, na gari lilikuwa salama kwa sababu lilikuwa likinywa oktani 100. Likifika hapa, likajazwa petroli yetu, likakanyagwa barabara ya Morogoro kwenye joto la Februari, zile kuta nyembamba za pistoni zinazoshikilia ringi huweza kupasuka. Ugonjwa huo wa pistoni unajulikana sana kwa injini za turbo za Subaru. Gari lilitoka melini likiwa zima. Ila lilikuwa halijafanya mtihani wa hapa.

Linganisha na WRX ambayo imekaa Dar es Salaam, Arusha au Mbeya kwa miaka mitano. Imekunywa petroli yetu, imekaa kwenye foleni ya Ubungo feni ikizunguka, imepita kwenye matuta. Mtu huitazama hali hiyo akasema gari limechakaa. Inawezekana. Lakini kama baada ya yote hayo silinda zake nne bado zina kompresheni iliyo sawa, na haili oili, na joto halipandi mlimani, gari hilo limekupa ushahidi ambao hakuna meli inayoweza kukuletea. Kuchakaa kwa shokapu na bushi kunaonekana na kunatengenezeka kwa fedha inayojulikana. Injini mbovu iliyojificha haionekani kwenye picha, na gharama yake haijulikani mpaka imefunguliwa.

Kuna jambo la pili linaloufanya mnada wa Japani usiwe tena kile ulichokuwa miaka 15 iliyopita, nalo ni Marekani. Sheria ya huko inaruhusu gari lolote lililotengenezwa kwa soko la nje kuingia bila kutimiza viwango vyao vya usalama likishatimiza miaka 25. Nissan Skyline GT-R ya mwaka 1989 ilianza kuruhusiwa mwaka 2014, na tangu hapo wapenzi wa magari ya Kijapani wa Marekani wamekuwa wakiusubiri mwaka wa kila modeli kama watu wanaosubiri mwezi uandame. Altezza ilitoka Oktoba 1998 na ndiyo iliyopewa tuzo ya gari bora la mwaka Japani msimu huo. Altezza za kwanza zikaanza kuruhusiwa kuingia Marekani mwaka 2023. Fikiri maana yake kwa mnunuzi wa Kitanzania. Gari safi, lisilobadilishwa, lenye gia za mkono na karatasi ya 4.5, sasa linapiganiwa na mtu wa California mwenye fedha nyingi kuliko wewe, ambaye halitaki kwa kazi ya kila siku bali kwa kuliweka na kulifaidi. Yeye atachukua bora. Yanayobaki katika bei ambayo mfuko wetu unaiweza ni yale ya chini yake: ya alama 3, ya R, yaliyobadilishwa, yaliyotoka mikoa ya theluji kama Hokkaido ambako barabara humwagiwa chumvi wakati wa baridi na kutu huanzia chini, mahali picha za tangazo hazifiki. Anayesema "magari ya Japani ni mazuri" anasema kweli kuhusu Japani. Swali ni yapi kati ya hayo yanayokuja kwetu.

Tuje kwenye kodi, maana hapa ndipo fedha ya matengenezo inapopotelea. Kwa viwango vilivyozoeleka Tanzania kwa miaka kadhaa, gari la petroli la zaidi ya cc 1000 lisilozidi cc 2000 hulipiwa ushuru wa forodha wa asilimia 25, ushuru wa bidhaa wa asilimia 5, na VAT ya asilimia 18 juu ya jumla yake. Kisha kuna ushuru wa uchakavu: asilimia 15 kwa gari la miaka minane mpaka kumi, asilimia 30 kwa lililozidi miaka kumi. Kodi hizi hupandana moja juu ya nyingine. Piga hesabu ya gari la lita mbili lililothaminiwa dola 4,000 likifika bandarini. Likiwa chini ya miaka minane, kodi hizo zitakuwa karibu dola 2,200. Likiwa limezidi miaka kumi, zitakaribia dola 4,000 nyingine, yaani bei ya gari imejirudia mara mbili kabla hujalipa tozo ndogondogo, wakala wa forodha na namba. Na usidhani risiti ya bei ya chini itakuokoa; TRA, mamlaka yetu ya mapato, ina mfumo wake wa kukadiria thamani ya magari yaliyotumika. Siilaumu serikali kwa ushuru huo, kwa kuwa una sababu zake. Nasema tu kwamba dola 4,000 za kodi hazinunui mkanda wa taimingi wala rejeta wala klachi. Mtu aliyejikusanyia fedha kwa miaka mitatu hufika getini na gari lake akiwa hana hata shilingi ya kubadilishia oili, na hali gari hilo, kwa umri wake, ndilo linalohitaji fedha nyingi mwezi wa kwanza. Mipira yote imekauka, mkanda wa taimingi unaopaswa kubadilishwa kila kilometa 100,000 haujulikani ulibadilishwa lini, na ukikatika kwenye Subaru ya turbo valvu zinapinda. Hata redio ya kiwandani, iliyotengenezwa kwa masafa ya Japani yanayoanzia megahezi 76, haikamati stesheni nyingi za kwetu bila kifaa cha kuongeza.

Najua unachotaka kuniambia, msikilizaji. Utasema magari ya spoti ya hapa yameuawa. Yamepita mikono minne, injini imebadilishwa pale Gerezani, kilometa zimerudishwa, dalali anaapa kwamba lilikuwa la daktari. Nakubali karibu yote hayo. Nchini kwetu hakuna kumbukumbu ya pamoja ya kilometa za gari, kwa hiyo namba iliyo kwenye dashibodi ya gari la mtu haina uzito wowote kama haina risiti za kuisindikiza. Ni kweli pia kwamba wapo wanaofunga injini nyingine wakanyamaza. Ndiyo maana namba ya injini iliyo kwenye kadi ya gari lazima ilinganishwe na ile iliyogongwa kwenye bloku, si kwa kuulizia bali kwa tochi na macho yako. Lakini angalia kwamba hoja hii inathibitisha tu kwamba magari mengi ya hapa ni mabaya. Haithibitishi kwamba huwezi kuyatambua mabaya. Kati yetu na gari lililo Mwenge au Njiro kuna safari ya daladala. Kati yetu na gari lililo Yokohama kuna bahari. Ubaya unaopimika unaweza kuukataa kabla hujalipa. Ubaya usiopimika unaulipia kwanza, ndipo ukaujua.

Basi tuseme upimaji wenyewe, maana bila huo hoja yangu yote inaanguka. Mwambie mwenye gari asiliwashe siku hiyo. Uifikie injini ikiwa baridi kabisa, ushike bloku kwa mkono kuhakikisha. Injini yenye jambo la kuficha huwa imepashwa moto mapema. Ikiwaka, simama nyuma. Moshi wa bluu unaoendelea ni oili inayoungua. Moshi mweupe usiokwisha hata injini ikishapata joto, wenye harufu tamutamu, ni maji ya rejeta yanayoingia kwenye silinda, na kwenye Subaru hiyo ni habari ya gasketi ya silinda hedi. Tazama tenki la akiba la maji injini ikiwa imechemka: mapovu yanayopanda mfululizo yanaeleza jambo lile lile. Kisha ingia barabarani, upande kilima cha maana, kama vile Pugu kwa aliye Dar es Salaam, ukiwa kwenye gia ya juu na mguu umekanyaga kweli. Klachi iliyokwisha itajionyesha kwa injini kupanda mzunguko huku gari haliongezi mwendo. Ukirudi, kompyuta isomwe makosa yaliyohifadhiwa, na uulize kama yamefutwa karibuni, kwa sababu mashine nzuri huonyesha. Mwisho, na hili ndilo kuu, plagi zitoke na kompresheni ipimwe silinda moja baada ya nyingine. Mafundi wengi huona tofauti ya zaidi ya asilimia 10 kati ya silinda na silinda kuwa sababu ya kusimama na kuuliza. Kwenye Subaru kazi hii inachukua muda, kwa kuwa silinda zake zimelala kushoto na kulia na plagi zimebanwa karibu na fremu, hivyo fundi atataka fedha zaidi na pengine atakushawishi uiache. Usikubali kuiacha. Na muuzaji akikataa kupimiwa, amekwisha kukujibu. Mshukuru, nenda kwa mwingine.

Yupo mwingine atakayesema kwamba Subaru haihitaji hofu zote hizi, kwani ni gari la Safari. Historia hiyo ni ya kweli na inatuhusu sisi hasa. Shekhar Mehta alishinda mashindano ya magari ya Safari mwaka 1973 akiendesha Datsun 240Z, aina ile ile iliyoshinda mwaka 1971 mikononi mwa Edgar Herrmann. Colin McRae alishinda na Subaru Impreza mwaka 1997, na Richard Burns akarudia na Impreza mwaka 2000. Watu wa nchi hizi hawakuyapenda magari ya Kijapani kwa matangazo. Waliyaona yakipita kwenye vumbi lao. Lakini magari yale yalikuwa na kundi la mafundi linaloyasubiri kila kituo, wakibadilisha shokapu, breki na hata gia boksi kabla gari halijaomba. Uimara tulioushangilia ulikuwa nusu ya kiwanda na nusu ya matunzo, na hiyo nusu ya pili ndiyo unayopaswa kuinunua. Mtu wa hapa aliyelitunza gari lake, anayekutajia gereji yake na kukuonyesha risiti za oili ya kila kilometa 5,000, anauza kitu adimu. Mlipe. Hata akidai zaidi kidogo ya bei ya kuagiza, usione umeibiwa.

Neno juu ya yadi, kwa sababu wengi huisahau. Gari la yadi limetoka Japani, halina namba, lakini limesimama mbele yako. Kwa hoja ninayoijenga, gari hilo liko karibu zaidi na la hapa kuliko lile la mnadani, kwa kuwa linaweza kupimwa. Tatizo ni kwamba wenye yadi wengi hawajazoea kuombwa kompresheni, na wanunuzi wengi wanapofushwa na rangi inayong'aa na harufu ya viti. Omba vyote viwili: karatasi ya mnada ya gari lile, na ruhusa ya fundi kutoa plagi. Yadi itakayotoa vyote viwili inastahili bei yake.

Je, kuagiza hakufai kabisa? Kunafaa, na nitasema wazi ni lini. Gari likiwa chini ya miaka minane, mizani inahama. Kodi yake haina ushuru wa uchakavu, limepita shaken chache, halijafikia umri wa mipira kukauka, na halijaingia kwenye orodha ya Wamarekani. Suzuki Swift Sport ya kizazi kilichotoka 2017, au Toyota 86 ya miaka ya mwisho, ambayo haina turbo kabisa, ni magari ambayo mtu anaweza kuyaagiza kwa moyo mtulivu akiwa na karatasi ya 4 au 4.5 na fedha ya akiba. Hapa nchini magari hayo ni machache, na yaliyopo yanauzwa karibu na bei ya kuagiza, basi agiza. Majirani zetu wa Kenya sheria imeshawaamulia: gari lililozidi miaka minane tangu kusajiliwa mara ya kwanza haliingii. Shabiki wa Altezza wa Nairobi hana mnada wa kukimbilia. Ana Altezza zilizoko Kenya tu, naye analazimika kujifunza kuzipima, kuzitunza na kuzijua kwa majina ya wenyewe. Sisi tunaoruhusiwa kuagiza la umri wowote tumepewa uhuru wa kukwepa elimu hiyo, na tunaulipia.

Spea nazo zina neno lake, na hapa Altezza inafundisha vizuri. Altezza AS200 ina injini ya 1G-FE, silinda sita, nguvu za farasi 160, ile ile iliyomo kwenye Mark II GX100 na GX110 zilizojaa mitaani. Kila fundi anaijua, spea zake zipo, na inatumia petroli ya kawaida hata huko Japani. RS200 ni ndugu yake kwa sura, lakini 3S-GE yake ni injini ya peke yake yenye spea za kusaka. Kwenye picha za tangazo utaona gari moja. Anayeagiza hugundua tofauti baada ya kuharibika kitu cha kwanza. Anayenunua la hapa anaweza kumwuliza mwenyewe alikipata wapi kipuri cha mwisho na kwa shilingi ngapi, na jibu hilo lina manufaa kuliko sifa zote za kiwandani. Binafsi, kwa mtu anayetaka gari la kuendesha kila siku, ningemwelekeza kwenye AS200 iliyotunzwa hapa nchini kabla ya RS200 yoyote inayotoka melini.

Makaratasi nayagusa kwa haraka. Gari la hapa linaweza kuwa na mkopo, na kadi halisi ikawa benki. Dai kadi yenyewe, siyo nakala. Angalia faini za barabarani kwa namba ya gari. Badilisha umiliki TRA siku ile ile, msiachane kwa mkataba wa mdomo. Anayeagiza naye asitume fedha kwenye akaunti ya mtu binafsi hata kama bei inavutia.

Kwa hiyo wewe uliye na fedha mkononi na ndoto ya WRX au Altezza, ahirisha dola zako mwezi mmoja. Tafuta magari matatu ya aina hiyo yaliyoko nchini, mlipe fundi unayemwamini ayapime yote matatu, na uagize Japani pale tu yatakapokuwa yote yameshindwa, ukiwa umebakiza fedha ya mkanda, mipira, oili na rejeta. Na wewe unayeliuza gari lako la spoti, anza leo kutunza risiti za gereji, na mnunuzi akija na fundi wake na kipimo chake, mfungulie boneti.